Kuanza na muziki wa hi-res: hela iende wapi kwanza

Hi-res ni muziki wa kidijitali uliohifadhiwa kwa undani unaozidi wa CD, ambayo ni biti 16 na kilohezi 44.1. Nimepanga kwa jinsi utakavyosikia tofauti, si kwa bei.

Namba moja ni iafoni za waya. Moondrop Chu au 7Hz Salnotes Zero, za takriban dola 20, zitakufikisha mbali kuliko watu wanavyodhani. Ukipenda hedifoni kubwa, Sony MDR-7506 imo studioni tangu 1991 na bado inauzwa. Nasisitiza waya kwa sababu CD hutiririsha kilobiti 1,411 kwa sekunde, ilhali LDAC, mojawapo ya njia pana za Bluetooth, inaishia 990, na iPhone haina LDAC kabisa. Ukinunua za Bluetooth kwa ajili ya hi-res, unalipia nembo iliyoko kwenye boksi.

Pili, chanzo cha muziki. Apple Music hutoa hi-res hadi biti 24 na kilohezi 192 bila kuongeza ada tangu 2021. Angalia bando lako lakini: kwa hesabu yao wenyewe, wimbo wa dakika tatu unaokula MB 6 kwa kawaida hufika MB 145 kwa kiwango cha juu kabisa. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, au baki kiwango cha CD.

Na kwa kweli kiwango cha CD kinatosha. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha majaribio katika jarida la Audio Engineering Society: hi-res iliposhushwa hadi biti 16 na kilohezi 44.1, wasikilizaji hawakuitofautisha kwa usikilizaji wa kawaida. Kinachobadilisha sauti zaidi ni jinsi albamu ilivyorekodiwa na kumaliziwa. Zilipendwa iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyochakaa, hata ukiipa biti 24, mvumo wa kaseti unabaki palepale.

Tatu, DAC, yaani kifaa kinachogeuza data ya kidijitali kuwa sauti, ndogo ya kuchomeka kwenye simu isiyo na tundu la iafoni. Adapta ya Apple ya USB-C ni safi na ya bei ndogo, inafika biti 24 kwa kilohezi 48. Kwenye simu nyingi za Android sauti yake hutoka chini, kwa hiyo wenye Android watafute ya kampuni ya FiiO.

Kicheza muziki maalumu nakiweka mwisho. Kinamfaa mwenye mafaili mengi ya FLAC (muziki uliobanwa bila kupoteza ubora) asiyetaka kumaliza chaji ya simu.