LakeFinder ya Minnesota: uzoefu wangu wa kuchagua ziwa la kuvua samaki aina ya bass tukiwa likizo na watoto

Mwenye nyumba ya kukodi kando ya ziwa hawezi kukwambia ziwa lake halina samaki. Tulipokuwa tunatafuta pa kufikia likizo ya Julai karibu na mji wa Brainerd, jimbo la Minnesota, Marekani, kila tangazo liliimba wimbo ule ule: samaki tele, gati lako mwenyewe, machweo ya kupendeza. Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 na zaidi. Mimi nimekulia Mwanza, ambako ziwa ni moja na halitafutwi. Basi nikakaa na LakeFinder, huduma ya bure mtandaoni ya Idara ya Maliasili ya jimbo hilo, na mwishowe tukachagua ziwa kwanza, nyumba baadaye.

Unaandika jina la ziwa na kaunti yake. Kaunti usiiache, kwa sababu akina Mud Lake na Long Lake wamejaa jimbo zima na unaweza kusoma sifa za ziwa lililo mbali kabisa na unakokwenda. Kila ziwa lina namba ya tarakimu nane, na mbili za mwanzo ni za kaunti: 11 ni Cass, 18 ni Crow Wing. Ukishapata namba, mchezo wa majina umekwisha.

Kinachofuata ndicho kilichonifanya niandike haya. Ukurasa wa ziwa unakupa ukubwa wake, kina cha mwisho, uangavu wa maji, na ekari ngapi zina kina kisichozidi futi 15. Hiyo namba ya maji mafupi ndiyo ya kutazama kwanza kama unamtaka bass wa mdomo mkubwa. Huyu hakai katikati ya ziwa akiogelea ovyo. Anajificha kwenye majani ya majini, chini ya magati, kwenye magogo yaliyozama, akivizia. Ziwa lenye maji marefu karibu kila mahali linamfaa samaki mwingine. Lililo fupi mno kila upande nalo likifika Julai huwa majani matupu, ndoano haishuki. Nilitafuta la katikati, lenye nusu fupi na nusu ndefu, na mpaka kati ya hizo mbili uonekane wazi kwenye ramani.

Ramani za kina ni za mtindo wa zamani, mistari na namba za futi, hakuna rangi wala madoido. Msizidharau. Mistari ikikaribiana, chini kunatelemka ghafla. Ikiachana, ni uwanda. Nilitafuta rasi: pale mistari inapochomoza kutoka ufukweni kama kidole, halafu inabanana kwenye ncha. Kuna programu za simu za kulipia zenye ramani nzuri zaidi, na moja nilishailipia mwaka mzima, lakini kwa ziwa dogo tulilolitaka ilinionyesha umbo la buluu tu, bila hata mstari mmoja wa kina.

Sasa jedwali la samaki, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Utaona orodha ya samaki walionaswa na watafiti, wastani kwa kila wavu, na kiwango cha kawaida kwa maziwa ya aina hiyo. Unakuta bass ana namba ya kusikitisha, unafunga ukurasa. Ngoja. Nyavu za makila huwapata zaidi walleye na samaki wengine wa maji marefu, na nyavu za mtego zinazowekwa karibu na ufukwe huwapata zaidi bluegill na wenzake. Bass huzikwepa zote mbili. Ndiyo maana watafiti humhesabu kwa boti yenye umeme unaowapumbaza samaki, kwa kawaida majira ya kuchipua. Tafuta kama utafiti wa aina hiyo umetajwa, kisha soma maelezo ya mtaalamu chini ya jedwali. Aya ile moja ina faida kuliko safu zote za namba. Tazama pia urefu wa samaki, na mwaka wa utafiti, kwa kuwa si kila ziwa hupimwa kila mwaka.

Bluegill nao usiwapuuze. Ni wadogo, bapa, wanakula kipande cha mnyoo karibu na gati mchana kweupe. Kwa mtoto wa miaka sita, hao ndio likizo yenyewe. Mke wangu alinitazama ninavyohangaika na mistari ya kina akaniuliza, "Baba watoto, kwani wewe unakwenda kuvua peke yako?" Kuanzia hapo sharti likawa bluegill wengi kwanza, bass baadaye.

Sharti hilo ndilo lililoiondoa Mille Lacs kwenye orodha. Ni ziwa lenye sifa kubwa kwa bass wa mdomo mdogo. Mashindano ya kumpata bingwa wa mwaka wa Bassmaster, msururu wa mashindano ya kuvua bass Marekani, yalifanyika pale 2016 na 2017. Lakini ni takriban ekari 130,000, upepo ukivuma mawimbi yanapanda, na boti ya kukodi yenye watoto si mahali pake. Gull Lake nayo, takriban ekari 9,900, nzuri lakini Julai ina boti za starehe zinazopishana kutwa. Tukaangukia ziwa la ekari mia mbili na ushei. Jina silitaji, mtanisamehe.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye ile rasi ya kwenye ramani. Maji yalikuwa maangavu, kama ukurasa ulivyosema, kwa hiyo tulitoka kabla jua halijapanda na nilitumia mshipi mwembamba. Binti yangu alitupa mnyoo wa plastiki wenye chubwi ndogo kwenye ukingo wa majani, akauacha uzame. Hakusikia mvuto wowote. Aliona tu mshipi unaanza kutembea pembeni, polepole, kinyume na upepo. Nikamwambia inua ufito. Bass akaruka mzima juu ya maji akitikisa kichwa, na taya lake, lilipokuwa wazi mkononi mwangu, lilipita nyuma ya jicho. Hivyo ndivyo unavyomtofautisha na wa mdomo mdogo. Huyu wa mdomo mkubwa, watu wa Naivasha wanamjua vizuri: alipelekwa kule kutoka Marekani mwaka 1929.

Ukurasa huo huo una sheria maalumu za ziwa na ushauri wa kiasi cha samaki wa kula kwa sababu ya zebaki, ambao kwa wajawazito na watoto ni mkali zaidi. Leseni kwa wasio wakazi zipo za saa 24, saa 72 na siku 7, kwa hiyo usinunue ya mwaka bila sababu. Mtoto wa chini ya miaka 10 lazima avae jaketi la kuokolea boti ikitembea. Ukitoa boti majini, toa kizibo maji yote yatoke kabla ya kuingia barabarani. Ni sheria, kwa ajili ya kuzuia kome aina ya zebra wasihamie maziwa mengine.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano naizuia kwa sababu inakutaka ujue kusoma jedwali la nyavu, na mgeni wa kawaida hajui. Mwakani tunafikiria Wisconsin, ambako idara yao nayo ina kurasa za maziwa na ramani. Nitazipitia kabla ya kumtumia mwenye nyumba hata senti ya malipo ya awali.