Shahada ya saikolojia ya kitabibu na unasihi: nyota nne, ya tano imekwama kwenye tangazo

Nimeimaliza, na watu hawaishi kuniuliza kama inafaa. Inafaa, ila si kwa sababu walizoandika kwenye kipeperushi.

Kipeperushi kinaonyesha kijana kakaa na mgonjwa, uso umejaa huruma. Ukiingia darasani unapokelewa na takwimu. Wenzangu waliokimbia hesabu walizikuta zimewatangulia! Vumilia tu. Bila takwimu, mtu akikuambia tiba fulani imeponya watu, huna namna ya kujua kama wasiotibiwa nao hawakupata nafuu vilevile.

Historia ni ya kupita: Wundt na maabara yake ya saikolojia kule Leipzig, Ujerumani, 1879, Witmer na kliniki yake ya saikolojia kule Marekani, 1896, mtihani, basi. Somo la magonjwa ya akili lina raha yake, maana kila wiki darasa zima linaugua ugonjwa mpya. Dawa yake ni kusoma vigezo hadi mwisho. Sonona inataka dalili zisizopungua 5 kati ya 9, kwa wiki 2 mfululizo, na mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo. Siku moja mbaya haihesabiki.

Ada yangu yote ilirudi kwenye mazoezi ya unasihi. Mnakaa watatu: mnasihi, mteja na mtazamaji. Mnarekodi, kisha unaandika kila neno, hata "mh" na kimya. Mwalimu wetu alizungushia wino mwekundu kila "kwa nini", kwa sababu mteja akiulizwa hivyo huanza kujitetea. Siku moja alikaa yeye kwenye kiti cha mnasihi. Mteja akasema, "Nyumbani hawaniulizi tena kama nimefika salama." Sisi sote tulikuwa na pole mdomoni. Yeye akasema tu, "Zamani walikuwa wanauliza." Akanyamaza. Kimya kile kilitukera, lakini mteja ndiye aliyekivunja, na alichosema hakikuwa kwenye karatasi ya zoezi. Nadharia ya mwanasaikolojia Carl Rogers, kwamba mteja akisikilizwa bila kuhukumiwa hujifungua mwenyewe, nilikuwa nimeikariri. Pale ndipo niliiona ikifanya kazi.

Sasa hiyo nyota iliyokatwa. Katika nchi nyingi shahada ya kwanza peke yake haikupi ruhusa ya kujiita mwanasaikolojia wa kitabibu. Inabaki shahada ya uzamili au zaidi, saa za kazi chini ya usimamizi, na leseni. Chuo changu kiliyaandika hayo kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Mafunzo ya vitendo nayo tulijitafutia wenyewe, na msimamizi wangu alisaini daftari bila kuniona nikiongea na mteja hata mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, usiulize wana vitabu vingapi. Uliza nani atasikiliza rekodi zako, na kila msimamizi ana wanafunzi wangapi. Wakianza kuzungukazunguka, tafuta chuo kingine.