Ampu ya gitaa ya valvu: vifaa vya umeme vya kununua ukiwa Mtwara au Lindi

Mpiga gitaa wa huku kwetu akiamua kujijengea ampu ya valvu, huanza kuulizia valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti. Mimi nasema anza na transfoma ya umeme, ile inayobadilisha volti za ukutani ziwe zile ambazo ampu inazihitaji. Valvu ikifa unachomoa na kuweka nyingine. Transfoma ukikosea, umebaki na tofali la chuma ambalo kulirudisha Kariakoo ni safari ya siku nzima ya basi.

Nazungumzia ampu ndogo ya kuanzia: valvu moja ya 12AX7 mbele ya kukuza sauti ya gitaa, moja ya EL84 nyuma ya kusukuma spika, wati kama 5. Inatosha sebuleni na kwenye mazoezi. Nyuzi za moto za valvu hizo, zile zinazozipasha joto, zinataka volti 6.3, 12AX7 inakula ampea 0.3 na EL84 ampea 0.76, kwa hiyo tafuta transfoma inayotoa ampea 2 upande huo ili isichemke. Upande wa volti kubwa, EL84 inafanya kazi vizuri kwenye volti 250 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), kikomo chake ni 300, na ampu nzima inavuta kama miliampea 55.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanaona transfoma imeandikwa 250-0-250, yaani volti 250 kila upande wa waya wa kati, wanalipa. Umeme ukishapita kwenye dayodi, zinazougeuza kutoka AC kama ya ukutani kuwa DC, na kujaza kapasita, zinazouhifadhi, volti hupanda karibu mara 1.4, na ile 250 inakuwa 350. Unachotaka ni volti 200 za AC, miliampea 100.

Chaguo langu la kwanza ni transfoma mpya ya ampu ya valvu yenye waya wa kuingizia wa volti 230 au 240. Soma kibandiko. Nyingi za kutoka China ni za volti 220, na umeme wetu ni 230, tena usiku watu wakizima vitu hupanda zaidi. Ukifika 245, ile 6.3 inakuwa 7, wakati valvu inavumilia mwisho 6.9. Zile za Marekani za volti 120 ziache hata ukipewa kwa bei ya kutupa: nyingine zimesukwa kwa hezi 60 tu, na kwenye hezi 50 za umeme wetu zinachemka na kuvuma.

La pili, ambalo kwa mwenye mfuko mdogo ningeliweka la kwanza, ni transfoma mbili za kawaida za volti 6. Ya kwanza inashusha 230 hadi 6 na kuwasha nyuzi za moto. Ya pili unaifunga kinyume, inapandisha 6 kurudi juu. Kwa kuwa kila moja inapoteza kidogo, mwisho unapata kama 200, na ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Ya kwanza iwe ya VA 50 (VA ni volti mara ampea), ya pili VA 30.

La tatu ni kumpelekea fundi anayesuka mota akusukie. Muulize kama ataweka karatasi kati ya tabaka za waya na kuizamisha yote kwenye vanishi. Akisita, ondoka. Kwa anayeishi Shangani au Mikindani, hewa ya chumvi inakula chuma kisicho na vanishi. Transfoma ya redio ya zamani naiweka mwisho, kwa sababu ya umri wa waya wake.

Ya maikrowevu usiiguse kabisa. Inatoa volti 2,000 au zaidi, na inaua. Vilevile usikubali mchoro unaochukua umeme moja kwa moja ukutani bila transfoma: nyuzi za gitaa lako zinaweza kuwa na umeme.

Baada ya transfoma, fedha iende kwenye kapasita. Niliwahi kununua moja ya mikrofaradi 47 iliyoandikwa volti 450, nyepesi na ndogo kuliko nilivyozoea. Dakika kumi haikumaliza, ikavimba na kupasuka. Tangu siku hiyo nazipima mkononi kabla ya kulipa. Chukua mbili za 47 na moja ya 22, zote volti 450, zilizoandikwa nyuzi joto 105. Kwa joto letu zinadumu kuliko za 85. Za kuchomoa kwenye televisheni mbovu nyingi zimeshakauka.

Kugeuza AC kuwa DC, dayodi nne za 1N4007 zinatosha. Valvu ya EZ81, inayofanya kazi hiyohiyo, inapendwa kwa jinsi sauti inavyolegea ukipiga kwa nguvu, lakini ampu ya EL84 moja inavuta umeme uleule muda wote, kwa hiyo utalipia kitu ambacho hutakisikia. Fedha hiyo nunulia koili ya kuchuja ya henri 10, maana ampu ya aina hii huvuma kirahisi. Ukiikosa, weka rezista ya ohmu 100 ya wati 5 kati ya zile kapasita mbili kubwa.

Fyuzi iwe ya nusu ampea, ya aina inayochelewa kukatika, na waya wa ethi ufungwe kwa bolti kwenye boksi la chuma la ampu. Ongeza rezista ya kilo-ohmu 220 ya wati 2 sambamba na kapasita ya kwanza. Ukizima, inamaliza umeme uliobaki kwa dakika mbili au tatu. Hata hivyo pima kabla ya kuingiza mkono. Kama multimita ya kupima volti 600 za DC bado hujanunua, transfoma ikae kwenye boksi lake mpaka uinunue.