Uzoefu wangu na samaki beta: tangi la lita 3 la dukani na la lita 22 la fundi vioo

Habari zenu. Hii naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kununua beta sa hivi, hasa kama ameshaziona zile seti ndogo za plastiki zenye taa za rangi akazipenda, maana hata mi nilizipenda, na samaki wangu wa kwanza alikaa humo siku 19 tu akafa. Wa pili ana miezi kumi sasa na anadunda. Nitaeleza vyote viwili, vya hasara na vya faida.

Mi nakaa Arusha, nyumba ya kupanga, sebule yenyewe ndogo. Mwezi wa sita mwaka jana nikapita duka moja la samaki wa mapambo, nikamkuta beta wa bluu yuko kwenye kikombe cha plastiki kama vile vya juisi ya miwa, maji hata robo lita hayafiki. Alikuwa mzuri jamani, mapezi marefu yanamfuata nyuma kama shela ya bibi harusi. Muuzaji akaniambia dada huyu hana shida kabisa, anaishi hata kwenye glasi, hataki pampu, hataki nini, we mtupie chakula tu. Nikachukua na seti yake: kiboksi cha lita 3, taa ya kuchomeka kwenye chaja ya simu, kafilta kadogo ka pembeni, ua la plastiki na kokoto za pinki. Elfu 45 vyote na samaki ndani yake. Nyumbani mtoto wa dada yangu akampa jina, Bahari.

Wiki ya kwanza Bahari alikula vizuri, nikawa najisifu. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni kale kafilta, maana kanapuliza maji kwa nguvu na kiboksi chenyewe kifupi, sasa samaki akiogelea anasukumwa hadi ukutani, anarudi, anasukumwa tena. Ile mapezi mirefu ya beta imetokana na binadamu kuwazalisha kwa urembo, beta wa porini kwao ana mapezi mafupi tu na rangi iliyofifia, kwa hiyo huyu wa dukani ni kama mtu aliyevaa gauni zito anaambiwa avuke mto. Nikazima filta. Hapo ndo nikawa nimeharibu zaidi bila kujua, maana uchafu wote ukabaki mle mle.

Kisha lile ua la plastiki likamchana mkia. Kuna kipimo rahisi nilikuja kufundishwa baadae, chukua soksi ya nailoni ipitishe juu ya ua, ikikwama au ikichanika basi na mapezi yatachanika hivo hivo. La kwangu lilikwamisha soksi sehemu tatu.

Halafu baridi. Wanaoijua Arusha ya mwezi wa sita na wa saba wananielewa. Asubuhi moja nikamkuta amelala chini kwenye kokoto, rangi imepauka, anapanda juu kuvuta hewa mara moja anarudi kudondoka. Nikaingiza kipimajoto, nyuzi 17. Beta anataka 24 hadi 28, mi sasa hivi naweka 26. Lita 3 za maji ni kama chai kwenye kikombe, usiku zinapoa haraka, mchana jua likipiga dirishani zinapanda, yaani samaki anaonja baridi na joto ndani ya siku moja. Nikahangaika, nikabadilisha maji yote kwa mkupuo, ya bomba moja kwa moja, ambayo ni kosa lingine kwa sababu yana klorini na yalikuwa baridi kuliko yale niliyomwaga. Siku ya 19 akafa. Yule mtoto aliniuliza mamdogo, Bahari alikuwa anaumwa nini, nikashindwa kumjibu, na ndo hapo nikaanza kusoma usiku na mchana.

Yule muuzaji alichosema kina ukweli nusu, na nusu hiyo ndo inaua samaki wengi. Beta kweli ana kiungo kichwani, karibu na mashavu yake, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji kama sisi, ndo maana kwenye kikombe hafi upesi kama samaki wengine wangekufa kwa kukosa oksijeni. Ila kuvuta hewa hakumkingi na mkojo wake na kinyesi chake mwenyewe. Vile vinatoa amonia, na amonia inaunguza mashavu na mapezi, na kwenye lita 3 inajaa haraka mno. Wengine watakwambia kwao Thailand anaishi kwenye mashamba ya mpunga, maji ya kina kifupi. Sawa, lakini nani hajawahi kuona jaruba? Mi nimetembea pembeni ya majaruba ya Mto wa Mbu, maji yanaishia chini ya goti lakini unatazama upana wake mpaka jicho linachoka, kuna majani, kuna wadudu, jua limepasha maji siku nzima. Huwezi kukifananisha hicho na kikombe cha juisi. Na Wathai wenyewe wanamheshimu, kwao anaitwa pla kat, maana yake samaki anayeng'ata, na mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa.

Basi nikakaa bila samaki kama miezi miwili. Nikaenda kwa fundi vioo, huyu anayetengeneza madirisha ya aluminiamu, nikamchorea kwenye karatasi: urefu sentimita 40, upana 25, kimo 25, kioo cha milimita 5. Ukijaza maji mpaka sentimita 22 unapata lita 22 kamili. Kitu kimoja nilichokomaa nacho ni silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo, nilimwambia fundi nataka ile ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile dawa ni sumu kwa samaki, akaniangalia kidogo ila akanielewa. Likakaa wiki nzima likikauka mpaka ile harufu kama ya siki ikaisha, nikalijaza maji siku mbili nje kwenye baraza kuangalia kama linavuja. Halikuvuja. Elfu 38 na mfuniko wake wa kioo. Mfuniko msiuache, beta anaruka, halafu ule uwazi kati ya maji na mfuniko unabaki na hewa ya vuguvugu ambayo ndo anaivuta. Uache tu nafasi ya vidole vitatu hivi na upenyo wa hewa kuingia.

Filta nikachukua ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, elfu 15, na kwa beta sijaona inayoishinda. Haisukumi maji kwa nguvu, inatoa mapovu taratibu, na sponji yenyewe ndo nyumba ya bakteria. Na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo kitu ambacho hakuna muuzaji aliyeniambia: tangi jipya haliko tayari hata kama maji yanang'aa. Kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Hao bakteria wanaota polepole. Mi niliwasha tangi bila samaki, kila siku nadondoshea punje chache za chakula zioze, napima kwa kile kipimo cha matone nilichoagiza Nairobi, mpaka amonia ikasoma sifuri na naitraiti sifuri. Ilichukua wiki tano. Majirani waliokuja kwangu walikuwa wanauliza samaki yuko wapi. Nikawaambia bado nyumba yake inajengwa.

Wa pili nikamchukua mwekundu wa kuiva, na jina lake ni Kungu, sababu yake inakuja.

Hita: kwa mtu wa Tanga, Dar au Mombasa sehemu kubwa ya mwaka unaweza usiihitaji kabisa, maji ya chumbani yenyewe yanakuwa kwenye nyuzi zinazotakiwa. Kwa Arusha, Nairobi, Mbeya, Iringa, usimnunue beta kama huna bajeti ya hita, bora uchukue samaki anayevumilia maji yenye ubaridi. Yangu ni ya wati 50 inayojizima yenyewe, elfu 35, na kipimajoto nimeweka upande wa pili wa tangi ili nione joto limefika kote. Izime kabla ya kupunguza maji, ikibaki hewani inawaka inapasuka. Umeme ukikatika usiku nafunga tangi kwa blanketi pande zote naacha juu tu, na siku ile ulipokatika kuanzia saa mbili usiku mpaka kumi na moja alfajiri maji yalishuka kutoka 26 hadi 23, samaki yuko salama. Lile la lita 3 lingekuwa limeshaganda.

Sasa mkungu. Nikiwa nasoma nikaona wafugaji wa beta huko Asia wanatumia majani makavu ya mti fulani, yanauzwa kwa pakiti, bei ya ajabu, nikaangalia picha ya mti nikashika kichwa, ni mkungu! Huu huu mkungu tuliokuwa tunaokota kungu chini yake Tanga tukitoka madrasa, tunakula nyama ya nje halafu tunagonga kokwa kwa jiwe. Nikampigia mama, nikamwambia mama niokotee majani makavu yaliyodondoka yenyewe, yale yaliyogeuka kahawia, yasiwe ya karibu na barabara wala kwenye mtaro. Akacheka sana, akaniuliza samaki wako ana kikohozi? Lakini akaokota, akanitumia kwa basi, kiroba kizima pamoja na maembe.

Nayaosha, nayaloweka kwenye maji ya moto kidogo, natumbukiza jani moja kila baada ya wiki tatu hivi. Maji yanageuka polepole mpaka rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa, na siku ya kwanza nilipoweka nilikaa pale kwenye kigoda nikiangalia, kile kirangi kinatoka kwenye mshipa wa jani kama moshi, kinazunguka na mapovu ya sponji, na Kungu akaja akanusa, akapita chini ya jani, akalala juu yake. Mpaka leo ndo kitanda chake. Ile rangi ni tanini, inasaidia kuzuia ukungu na bakteria wabaya na kuyafanya maji yawe na asidi kidogo. Jani halitibu samaki aliyewekwa kwenye maji machafu, hilo mlijue, ila kwa samaki mwenye maji safi nimeona tofauti, mapezi yake hayajawahi kuchanika na rangi imekolea. Hapo hapo kwenye kioo kuna anubiasi niliyoifunga kwenye jiwe kwa uzi, mmea wa mito ya Afrika Magharibi na Kati, hautaki mwanga mwingi wala udongo. Majani yake ni laini, soksi inapita bila kukwama.

Chakula chepesi tu, punje tatu asubuhi tatu jioni, na Jumapili hapati kitu. Chakula kinachobaki kinaoza, mkitaka kumpenda mpendeni kwa njia nyingine. Mara moja kwa wiki nampa viluwiluwi wa mbu. Najua mtasema tunafuga mbu, ndo maana nakinga kwenye ndoo ndogo ninayoiangalia kila siku na kumwaga yote kabla hawajawa mbu, tena nawachuja na kuwasuuza, nampa watano sita anaowamaliza pale pale. Siku hiyo uje uone. Anasimama hajongei, anakunja mwili kama herufi S, kiluwiluwi kikijipinda mara moja tu kimeshapotea. Beta ni mla nyama, anakula wadudu, wale wanaowapa mkate naomba waache.

Maji nabadilisha robo kila Jumamosi, yamekaa kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, na nayaongezea ya moto kidogo mpaka yalingane joto. Dakika ishirini nimemaliza. Kama kwenu wanatia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kulaza maji hakusaidii, tumia ile dawa ya matone ya kuondoa klorini. Na sponji naikamua kwenye maji niliyoyatoa tangini, sio bombani, bombani unawaua bakteria wote uliowasubiri wiki tano.

Mwezi wa pili Kungu alijaza povu dubwana pembeni juu ya maji, mtoto akakimbilia kitambaa anataka kufuta anajua ni uchafu. Nikamzuia. Lile ni kiota, dume anapuliza viputo kwa mate yake anavishonea juu pale, anasubiri jike hata kama hayupo. Niliangalia lile povu nikamkumbuka Bahari, siku zote 19 hakutengeneza hata kiputo kimoja.

Maksi zangu: seti ya lita 3 natoa nyota moja, na hiyo ni ya taa. Tangi la fundi na sponji na hita natoa nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa sababu ya gharama ya kuanzia, jumla yangu elfu 88 bila samaki na bila kipimo. Kama hela haitoshi, usiingie kwenye seti, nunua hata lile deli la plastiki nyeupe la lita 20, weka sponji na hita, halipendezi sebuleni lakini samaki ataishi. Dume mmoja tu, usimwekee dume mwenzie watauana.

Kile kiboksi cha lita 3 sijakitupa, kiko jikoni, ndo naloweka majani ya mkungu.