Miezi minane na sonda ya mazutu kwenye malori yetu, Lubumbashi

Tuna malori sita. Yanakwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, karibu kila siku, na mara chache yanapanda Likasi hadi Kolwezi. Kila moja tumelifunga GPS na sonda, yaani kipimo cha mazutu (dizeli), ndani ya tangi: dola 230 kwa lori pamoja na kazi ya kufunga, kisha dola 15 kila mwezi. Kifaa kinafaa. Ila nusu ya thamani yake inategemea siku ya kufungwa, na hapo ndipo mafundi hulipua kazi.

Sonda yenyewe haijui lita. Ni mabomba mawili ya alumini, moja ndani ya lingine, na inahisi tu mazutu yamefika kimo gani, kisha inatoa namba. Lita hutoka kwenye jedwali la tangi. Mnamwaga mazutu yote, mnajaza lita 20, mnangoja yatulie, mnaandika namba. Mnaongeza 20 nyingine, hivyo hivyo hadi lijae. Tangi la lita 400 lina hatua 20, na linakula saa mbili au tatu. Fundi wetu aliandika namba mbili tu kwenye lori la kwanza: tupu na limejaa. Tangi lile ni la mviringo, katikati hubeba zaidi kuliko chini na juu, basi tukinunua lita 100 sonda ilionyesha 80 na kitu. Shofere angelaumiwa bure. Tulidai lipimwe upya, na matano yaliyobaki tukasimama pale pale hadi hatua ya mwisho.

Tundu la sonda litobolewe katikati ya tangi, la sivyo kila mlima utaonekana kama wizi. Paka grisi kwenye keekee ili vumbi la chuma ling'ang'anie hapo, lisidondoke ndani na kufika kwenye chujio. Ncha ya sonda iachwe milimita 20 juu ya sakafu ya tangi, maana chini hukaa maji na uchafu. Siku moja tangi lililokuwa nusu lilionyesha limejaa ghafla: maji yalikuwa yamegusa sonda. Fungua kizibo cha chini, ondoa maji, namba inarudi. Lori lenye matangi mawili linahitaji sonda mbili, hata kama yameunganishwa kwa bomba, kwa sababu koki ya kati ikifungwa hesabu yote inaharibika.

Wizi wa bidoni (dumu), wa kunyonya kwa mpira usiku, sonda inaukamata vizuri. Tumeweka onyo: lita 10 zikishuka ndani ya dakika kumi injini ikiwa imezimwa, simu inalia. Chini ya hapo nawaomba wenzangu msimtuhumu mtu. Mazutu hutanuka na kusinyaa kwa joto. Lita 400 zikipoa nyuzi 15, kama usiku wa Julai hapa kwetu, hupungua karibu lita 5 bila mkono wa mtu.

Wizi unaoipita sonda ni wa bomba la kurudisha. Injini ya dizeli huvuta mazutu mengi kuliko inayochoma, na yanayobaki hurudi tangini. Mtu akiligeuza bomba hilo kwenye bidoni, tangi linashuka polepole kama matumizi ya kawaida. Dawa yake ni kutazama lita kwa saa lori likiwa limesimama injini ikiunguruma. Kawaida ni 2 hadi 3. Ukiona 8, nenda kaangalie kibano cha bomba hilo kama kina mikwaruzo mipya ya bisibisi.

Hata hivyo, akiba yetu kubwa haikutoka kwa wezi. Ilitoka kwenye foleni ya Kasumbalesa. Saa nane za injini kuwaka bure ni lita 20 hivi kwa lori moja. Tulipowauliza mashofere kwa nini hawazimi, jibu lilikuwa moja: betri imechoka, nikizima sitawasha tena. Tulibadilisha betri za malori matatu na brashi za stata ya moja. Kuwakaripia kusingesaidia chochote.

Lawama yangu kwa huduma ni ripoti ya lita kwa kilomita 100: inachanganya safari tupu na yenye mzigo, hivyo wastani wake haufai kumhukumu yeyote. Tunazitenganisha wenyewe daftarini. Nyingine ni swichi ya kukata betri: ikikatwa GPS inalala. Waya wa GPS uchukuliwe kabla ya swichi, upitie fyuzi yake, na kila kiungio kifungwe sili yenye namba.

Kabla ya kulipa, andikeni kwenye mkataba kwamba faili la jedwali la kila tangi ni mali yenu. Sisi tulilipata baada ya kubishana wiki mbili. Bila faili hilo, siku ukihama kampuni unamwaga matangi yote na kuanza tena kwa lita 20.