Koili nzito za nyuma: mkia umenyanyuka

Land Cruiser 80 yangu nikiipakia maji na zana ilikuwa inachuchumaa nyuma, taa zinamulika matawi badala ya njia. Fundi mmoja aliniwekea vipande vya kuinulia juu ya koili (springi zinazobeba gari) zilezile zilizochoka. Gari likapanda, lakini mzigo ulipoingia likabonyea vilevile, maana kimo si nguvu. Ndipo nikafunga hizi koili nzito, yaani ngumu zaidi kwa ajili ya mzigo, na nimezipenda kwa dhati! Nimepima toka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi: kwa mzigo uleule nyuma inashuka sentimita 3, zamani 9. Likiwa tupu linarusha kidogo, navumilia. Ila shokomzoba kuukuu hazikuweza kuzituliza, nyuma ikadundadunda mpaka nilipoweka mpya. Na uzito ulioruhusiwa wa gari unabaki uleule.