Mishale ya 500 au 600 kwa upinde wa paundi 40?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa ni Mafinga, leo upepo umetulia, kwa hiyo tunapima mishale. Mezani nina ya kaboni pakiti mbili, moja imeandikwa 500 na nyingine 600, halafu kuna ya mti wa paina. Upinde ni wa asili, nguvu ya kuuvuta ni paundi 40 ukivutwa inchi 28.

Wengi mnauliza upinde gani mnunue. Mimi nawaomba tuanze na mshale, maana upinde mzuri ukipewa mshale usiolingana nao, utafanya mazoezi mwaka mzima na shabaha haitakuja.

Namba ile ya 500 au 600 ni ya ukakamavu. Uti, yaani mwili wa mshale, wa 500 ukiegeshwa pande mbili zilizoachana inchi 28, ukatundikwa gramu 880 katikati, unabonyea nusu inchi. Kwa hiyo namba ikikua, mshale ni laini zaidi.

Sasa tazameni hapa kwenye kishikio. Mshale umekaa ubavuni, lakini uzi ukiachiwa unakimbilia katikati ya upinde. Mshale lazima ujipinde, ukizunguke kishikio, kisha ujinyooshe hewani. Ukiwa mgumu mno unasukumwa na ubavu na kwenda kushoto, kwa anayevuta kwa mkono wa kulia. Ukiwa laini mno unakwenda kulia.

Kuujua ni rahisi: rusha mmoja usio na manyoya pamoja na wenzake wenye manyoya, mita 10 hadi 15. Mmeona? Huu wa 500, kichwa cha greni 100 (greni ni kipimo cha uzito, 100 ni kama gramu 6.5), umekwenda kushoto kabisa. Nikiweka kichwa kizito zaidi unasogea kulia, kwa sababu uzito wa mbele unaulainisha. Urefu nao unaulainisha, kwa hiyo tafadhali msikimbilie kukata mishale mipya! Wa 600 wenye kichwa cha greni 125 umekaa pamoja na wenzake. Kwa upinde huu, ningenunua 600.

Ya paina naipenda, ni mizito na upinde unatulia. Ila kila uti una ukakamavu wake, kwa hiyo mwambie fundi akupangie inayofanana, na uangalie nyuzi za mbao zinyooke toka ncha hadi ncha. Paina huku Sao Hill haikosekani, lakini isiyopakwa vanishi ikifika masika inapinda.

Manyoya yawe ya ndege. Ya plastiki hayalali yakipita kwenye kishikio, yanautupa mshale pembeni.

Na uzito: usishuke chini ya greni 8 kwa kila paundi, yaani greni 320 hapa, kama gramu 21. Mshale mwepesi mno unauachia upinde nguvu nyingi, na upinde unaweza kupasuka.

Kaboni ikunje kidogo kabla ya kurusha, usikilize. Ikilia kama inachanika, ivunje uitupe, maana ukiirusha inaweza kupasuka na vipande vyake vikaingia mkononi. Niandikieni paundi za upinde wenu na inchi mnazovuta, tupimane.